Panya wakitoka mchwa wanaingia: nyumba na stoo ya biashara kijijini, nianzie wapi?

mwenye_stoo

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana mimi nimeishiwa. Naishi kijijini kabisa, nyumba imezungukwa na mashamba pande tatu, na ubavuni kuna stoo iliyogawana ukuta na chumba cha watoto, humo ndo naendesha biashara ya nafaka na chakula cha mifugo. Shida yangu siyo mdudu mmoja, shida ni kwamba kila msimu una wageni wake. Watu wakishavuna na mashamba yakabaki meupe, panya wote waliokuwa wananenepa huko wanahamia kwangu, usiku juu ya dari ni mbio za kupokezana. Mvua za kwanza zikidondoka kumbikumbi wanajaa kwenye taa, wiki haijaisha naona kamstari ka udongo kanapanda ukutani kutoka chini, mchwa hao. Joto likikolea ni nzi, hadi mteja anaongea huku anapunga mkono, na usiku mbu. Kukipoa mende na sisimizi nao wanaingia ndani kutafuta joto. Yani ni zamu, hawa wakitoka wale wanapokea.

Ninachofanya kila mwaka ni kile kile, nikiona wamezidi namwita jamaa wa dawa, anakuja na pampu mgongoni, anapuliza kuta zote na sakafu mpaka nje, tunalala kwa jirani siku moja, harufu siku mbili, tunakaa kwa amani kama wiki tatu afu wanarudi utadhani walikuwa likizo. Mwaka huu nimemwita mara nne na nimemlipa mara nne.

Kilichonifanya niandike ni juzi. Nahamisha magunia, lile la chini kabisa kwenye kona nikalinyanyua likaja jepesi mpaka nikayumba. Kuligeuza nakuta tundu la kuingia ngumi, pumba zimemwagika zimeshikana na mkojo, na ndani vitoto sita vya panya, vyekundu, havijafumbua macho, vimelalia vipande vya gunia na vya karatasi. Kuzitazama zile karatasi vizuri, ni kitabu changu cha madeni. Ukurasa wa watu watatu umeliwa wote na hao watatu mpaka leo wananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida.

Sasa naomba kuuliza, nisaini mkataba wa mwaka mzima na hawa watu wa dawa au ndo nitakuwa naliwa na panya na watu pia? Kuna utaratibu wowote wa kufuata msimu kwa msimu? Na kabla hamjaniambia paka, paka ninaye, analala juu ya magunia hayo hayo.

bati_jipya

Hapo kwenye kitabu cha madeni hao panya wametumwa mkuu 😂😂 Nakaa hapa pembeni kusubiri wataalamu, mimi nina mende.

mama_wa_ghala

Pole kaka. Mimi niko na ghala mwaka wa kumi na mbili huu na makosa yako yote nimeshayafanya kwa hiyo sikucheki, ila kitabu cha madeni nimecheka kidogo nisamehe.

Unachokosea ni kwamba unaanza kazi ukishawaona. Panya ukishamwona anakatiza mchana kweupe ujue huko ndani wameshajaa na wanagombania nafasi. Mimba yake ni wiki tatu tu, anazaa watano, sita, hadi nane, na hawa wadogo wa ndani ya nyumba wakifika wiki sita na wao wanaanza kuzaa. Sasa piga hesabu, hao vitoto uliowakuta mimba yao iliingia karibu mwezi mmoja nyuma, wakati wewe unasema mwaka huu afadhali. Kwa hiyo kazi ya panya inafanywa mwezi mmoja kabla ya mavuno, wakati bado wako shambani wana chakula chao na hawana habari na wewe. Wakishaingia unapigana vita ndani ya nyumba yako, na huko wanaijua kuliko wewe.

Fanya hivi. Subiri giza liingie vizuri, zima taa zote za stoo, wewe kaa ndani na chaki, mtu mwingine azunguke nje na tochi kali, aipitishe taratibu chini ya ukuta, kwenye fremu za milango, pale bati linapokutana na ukuta, kwenye bomba na nyaya zinapoingilia. Kila unapoona mwanga umepenya piga alama. Mimi mara ya kwanza nilitegemea kupata mbili tatu, nikahesabu thelathini na moja, na mlango wangu mkubwa chini ulikuwa unatoa mwanga kama jua linachomoza. Kipimo chukua kalamu ya kawaida, tundu linalopitisha kalamu panya mdogo anapita, anahitaji milimita 6 hivi tu, kichwa kikipita mwili unafuata. Yule mkubwa anataka kama upana wa kidole gumba.

Kuziba sasa. Usizibe kwa matambara, unampa godoro. Na ule povu wa kupuliza unaokauka usiuamini peke yake, wanautoboa. Chukua waya wa kusugulia masufuria, usukumie ndani ushibe, juu yake simenti. Matundu ya hewa yafunge kwa wavu wa chuma wenye macho ya milimita 6 kushuka chini, wavu wa banda la kuku usiweke maana anapita bila hata kuinama. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati, ndani na nje, kwa sababu meno ya panya hayaachi kukua maisha yake yote na mbao kwake ni ya kunolea tu. Ndo maana pia anatafuna nyaya za umeme wakati hazina ladha yoyote, hizo za darini kwako umezikagua lini?

Halafu magunia. Yatoke sakafuni yakae juu ya chaga, na yaachane na ukuta hatua moja, upate njia ya kupita na ufagio kuzunguka stoo nzima. Panya hapendi uwanja, anatembea ameegemea ukuta njia ile ile kila siku, ukiangalia utaona ukutani mstari mweusi wa mafuta ya manyoya yake. Gunia likigusa ukuta umemjengea barabara yenye paa. Hiyo kona yako yenye vitoto naijua bila kufika.

Na ukisafisha hapo usifagie pakavu jamani. Kinyesi na mkojo wa panya vina magonjwa, vumbi lile unalivuta. Fungua milango nusu saa hewa ipite, ukae nje, afu rudi na glavu, lowanisha na klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu tisa, acha dakika tano, ndo ufute na kutupa.

kiboko_yao

Mnazunguka sana. Mkuu tafuta vile vidonge vya kufukizia nafaka, tupia viwili vitatu kila kona katikati ya magunia, ziba mlango na matambara, siku ya tatu ukifungua hakuna kinachopumua humo. Panya, fukusi, mende, wote chali. Mimi kila mwaka nafanya hivyo.

nilibeba_pampu

kiboko_yao futa hiyo kitu. Siyo kwa ubaya, ifute. "Hakuna kinachopumua" umesema mwenyewe, na jamaa kaandika wazi kwamba stoo imegawana ukuta na chumba cha watoto.

Hivyo vidonge ni alumini fosfaidi. Havihitaji kupulizwa wala kuwashwa, unyevu wa hewani tu unatosha vianze kutoa gesi ya fosfini, na ile gesi haijui kwamba mlango umeufunga, inapita kwenye nyufa, juu ya ukuta ambao haujafika kwenye bati, chini ya sakafu, inaingia chumba cha pili. Watoto wamekufa hivyo usingizini, nchi nyingi tu, wazazi wanadhani ni chakula kibaya. Watu wanasema utasikia harufu ya kitunguu saumu au samaki waliooza, usitegemee hiyo, inaweza kukudhuru kabla pua haijasema kitu. Na dawa ya kuondoa sumu yake mwilini hakuna, hospitali wanachofanya ni kukusaidia mwili upambane. Ukivimwagia maji ndo kabisa gesi inatoka yote kwa mpigo na inaweza kushika moto. Hii ni kazi ya mtu mwenye leseni na kifaa cha kupima gesi, kwenye jengo ambalo halijaungana na mahali wanapolala watu, na huwa tunafunika magunia na turubai zito kingo zimekandamizwa, siyo matambara mlangoni.

Haya, kwa mwenye_stoo. Mimi nilibeba pampu miaka minane, nimeajiriwa, sisemi wapi, kwa hiyo huyo jamaa yako namjua hata kama simjui. Nikwambie ukweli, wiki tatu za amani unazopata zinatosha kukufanya umlipe na hazitoshi kukufanya umsahau. Sisemi anafanya makusudi, wengi tulifundishwa hivyo hivyo, changanya, jaza, puliza kila kinachoonekana, mteja akisikia harufu anaamini kazi imefanyika. Lakini dawa ya ukutani kwa panya haifanyi chochote, panya halambi ukuta. Mende wa jikoni wale wadogo wa kahawia, jike anabeba kifuko chenye mayai thelathini hadi arobaini na dawa ya kupuliza haipenyi humo, unaua mama leo watoto wanatoka baada ya wiki tatu nne. Hizo ndo wiki tatu zako.

Mende wanatibiwa kwa jeli. Unaweka tone dogo kama punje, mengi, kwenye bawaba za makabati, nyuma ya friji, chini ya sinki, wanakula wanaenda kufia kwenye maficho, wengine wanakula kinyesi na mizoga yao inaendelea. Ila ukishaweka jeli usije ukapuliza dawa hapo juu, mende wanaikimbia harufu na jeli yako inabaki pambo. Hilo kosa tunalifanya kila siku, mwenye nyumba anaona mende mmoja katoka anachukua kopo anapuliza, kazi yote imeharibika.

Afu vile vifaa vya kuchomeka kwenye umeme vinavyotoa mlio wa kufukuza panya, msinunue. Marekani mwaka 2001 tume yao ya biashara, FTC, iliandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba wanachodai hakina ushahidi, na mpaka leo naviona vinauzwa kwa jina jipya. Panya anashtuka siku mbili tatu, akizoea analala pembeni yake, pana joto.

mwenye_stoo

Dah. Ahsanteni sana, nilipofika kwenye vidonge nimeenda kuangalia kwenye droo kama hatuna maana mwaka juzi kuna mtu alinipa. Vilikuwepo. Kopo halijafunguliwa, nimelitoa nje nimelifungia kwenye kibanda cha vifaa, sijui hata nalitupaje.

Dada mama_wa_ghala leo usiku nafanya hiyo ya tochi. Maswali yaliyobaki, moja, sumu ya panya ya kula niweke au nisiweke, nina mbwa. Mbili, huo mkataba. Tatu mchwa hakuna aliyewagusa na mvua hazipo mbali.

nilibeba_pampu

Kopo usilifungue, usilichome, usilitupe chooni wala mtoni. Liache kavu humo kwenye kibanda, watoto wasifike, wapigie watu wa kilimo wa serikali eneo lako waje walichukue.

Sumu ya kula. Nyingi madukani zinafanya kazi ya kuzuia damu isigande, panya anakula leo anakufa baada ya siku nne hadi wiki, ametoka damu ndani. Ucheleweshaji huo umewekwa kwa sababu, angekufa pale pale wenzake wangegoma kula. Cha kuchekesha warfarini, baba wa hizi sumu, ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 na ilipofika 1954 ikaruhusiwa kutibu binadamu, babu yako mwenye moyo huenda anaimeza kila jioni. Na 1958 Uskoti wakaonekana panya wanaoila na kuendelea na maisha, ndo zikatengenezwa kali zaidi, na hizo kali ndo tatizo lako wewe mwenye mbwa. Panya mwenye sumu tumboni anatembea kizembezembe siku tatu, mbwa anamkamata, paka anamkamata, bundi anamkamata, na sumu inahamia. Bundi ni mfanyakazi wako wa bure usiku, usimuue.

Halafu akifia darini, harufu yake wiki mbili hutasahau, na kumtafuta ni kubandua dari.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mitego ya kubana, ile ya springi ya kawaida. Mingi kwa wakati mmoja, siyo miwili. Kumi na tano, ishirini, kwa stoo yako. Iweke sakafuni mraba na ukuta, upande wa chambo uguse ukuta, kwa panya wadogo kila baada ya mita mbili au tatu. Panya mkubwa anaogopa kitu kigeni, atakikwepa siku kadhaa, sasa wewe weka mitego na chambo bila kuitega, siku tatu nne ale ashibe azoee, afu usiku mmoja itege yote. Wengi wanatega siku ya kwanza, wanapata mmoja, waliobaki wanajifunza, wanasema mitego ya siku hizi feki. Chambo kidogo tu kama punje ya harage, siagi ya karanga inanata hawezi kuiba na kukimbia. Ukilazimika kuweka sumu baadaye iwe ndani ya boksi la kufunga kwa ufunguo, limepigiliwa chini, nje ya jengo, na pakiti yake usiitupe, mbwa akila unaenda nayo kwa daktari wa mifugo asome jina, hizi za kuzuia damu isigande zina tiba yake, vitamini K1, ukiwahi.

Mkataba siyo mbaya kwa mtu mwenye biashara, ila unanunua macho, hununui dawa. Muulize kabla hajafungua pampu, atakagua kwanza? Ataandika alichokiona na wapi, anakuachia nakala? Dawa inaitwaje, lebo iko wapi, watu wanarudi ndani baada ya saa ngapi? Akikuta hakuna kitu mwezi huo atakubali asipulize? Hilo la mwisho ndo mtihani wenyewe. Akikwambia lazima apulize kila akija, huyo anauza maji yenye harufu. Na kwa stoo ya chakula akwambie atafanya nini na nafaka kabla hajapuliza, ukiona anapuliza magunia yamekaa wazi mfukuze.

fundi_msumari

Mchwa nimekuja. Mimi ni fundi wa mbao na paa kwa hiyo nawaona wakishamaliza kula, wateja wananiita kubadilisha fremu.

Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, wanatoka mvua za kwanza kwenda kuanzisha makazi mapya. Wakija kwenye taa kutoka nje hiyo siyo kesi, zima taa za nje jioni hiyo, funga madirisha, asubuhi fagia mbawa. Kesi ni wakitokea NDANI, unaona wanatoka kwenye ufa wa sakafu au kwenye fremu, maana kundi limeshakaa humo na limekomaa mpaka linatoa maharusi. Usichanganye na sisimizi wenye mbawa, sisimizi kiuno chembamba na mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma, mchwa mwili umenyooka na mbawa zote nne zinalingana.

Huo mstari wa udongo ukutani ni njia yao, hawapendi mwanga wala hewa kavu kwa hiyo wanajijengea handaki. Watu wanaubandua na kumwaga mafuta ya taa wanaona wameshinda. Malkia yuko chini ya ardhi huko, pengine nje kabisa ya kiwanja chako, hana hata taarifa. Ubandue ndiyo, ila kipande cha kati tu, urefu wa kiganja, afu rudi baada ya siku chache. Ukikuta pamezibwa upya na udongo mbichi wapo, pakibaki wazi wamehama njia, tafuta kwingine. Chukua bisibisi ugonge fremu zote za milango kuanzia chini, ikisikika bovu kama debe tupu au bisibisi ikizama, umeshaliwa.

Kabla ya mvua ufanye haya, wala siyo ya gharama. Mbao isiguse udongo mahali popote, acha sentimita 15 za ukuta mtupu chini unaonekana, watu wanapanda maua na kurundika mchanga mpaka unafika kwenye fremu halafu wanashangaa. Kuni na mabaki ya mbao yaondoke ukutani, peleka mita tano sita huko. Maji ya bati yasidondoke kwenye msingi, weka mfereji. Unyevu ndo unawaita. Hizo chaga zako za magunia nazo ni mbao, ziweke juu ya matofali. Ukishakuta wako ndani ya nyumba hapo inahitajika dawa ya kumwagwa kwenye udongo kuzunguka msingi wote bila kuacha pengo, siyo kupulizwa ukutani, na hiyo mpe mtu anayeijua hasa kama una kisima karibu, dawa itaishia kwenye maji yako ya kunywa.

Nzi na mbu nasema haraka. Wote kukiwa na joto kutoka yai mpaka kuruka ni kama siku saba hadi kumi. Maana yake ukichagua siku moja ya wiki, kila wiki bila kuruka, ukamwaga maji yote yaliyosimama, ndoo, matairi, mfereji wa bati ulioziba majani, sahani za maua, na siku hiyo hiyo ukaondoa samadi na pumba zilizolowa, kizazi hakifiki. Ukiruka wiki moja umerudi mwanzo. Samadi wakati wa joto kali mara mbili kwa wiki ndo salama.

bati_jipya

Fundi kaniharibia siku, nimeenda kuchoma bisibisi fremu ya chooni imezama yote.

mama_wa_ghala

Pole bati_jipya. 😅

Kaka mwenye_stoo nimesahau fukusi na wewe unauza nafaka. Fukusi wengi hawaji kwako wakitembea, wananunuliwa. Anataga ndani ya punje, punje inaonekana nzima safi, baada ya mwezi na kidogo tundu linatokea na yeye anatoka. Kwa hiyo mzigo mpya usiuweke pamoja na wa zamani kabla hujaukagua, na mzigo wa zamani utoke kwanza, usiwe unauza wa juu tu miaka nenda rudi wa chini unazeeka. Gunia lililokutwa na vitoto lilikaa hapo muda gani?

Na unyevu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka robo, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo nafaka bado mbichi, iko juu ya asilimia 15, irudishe juani. Mifuko ile isiyopitisha hewa ni mizuri sana, wadudu wanamaliza oksijeni humo wanajifia wenyewe bila dawa, lakini nafaka lazima ifike asilimia 13 hivi, ukiweka mbichi unafungua ukungu. Na panya akiutoboa mfuko basi ni gunia la kawaida, ndo nikakwambia anza na matundu.

mwenye_stoo

Wakuu narudi na mrejesho, wiki ya sita leo.

Tochi tuliifanya usiku ule ule. Mke wangu akiwa nje mimi ndani. Alama kumi na tisa, na kubwa kuliko zote ilikuwa pale bomba la maji linapoingia, fundi alichimba tundu la kichwa cha mtoto akapitisha bomba la kidole, akaziba na mfuko wa simenti wa karatasi. Mfuko siyo simenti, mfuko wenyewe. Karatasi ilikuwa imetafunwa duara safi kabisa kama imekatwa na mkasi. Nimeziba zote, imenichukua Jumapili tatu, mlango nimepiga bati.

Mitego kumi na nane, siku nne bila kutega kama nilivyoambiwa. Nilikuwa nasikia roho inauma kuwalisha siagi bure. Usiku wa tano nikatega, asubuhi kumi na mmoja. Usiku uliofuata wanne, afu mmoja, afu hakuna. Wiki hizi mbili mitego iko pale pale chambo kimekauka. Darini kimya mpaka mama watoto anasema hapati usingizi, kazoea zile mbio.

Magunia yapo kwenye chaga juu ya matofali na kuna njia ya kupita. Gunia lile dada lilikuwa na miezi saba, naona aibu. Paka kakosa pa kulala.

Jamaa wa pampu kapita mwenyewe wiki iliyopita, anauliza mbona simwiti nimehamia kwa nani. Nikamuuliza ule mtihani, ukikuta hakuna kitu utakubali usipulize? Akanitazama kama nimemtukana, akasema sasa nitakulipisha nini. Nikamwambia nitakulipa kukagua. Kaondoka anafikiria, sijui kama atarudi.

Kilichobaki ni mchwa. Ule mstari niliubandua katikati siku ya Jumatatu, jana Alhamisi nakuta pamejengwa, udongo bado mbichi unaacha alama kidoleni. Na unaingilia nyuma ya fremu ya mlango wa watoto, nimegonga sauti ya debe.

fundi_msumari

Usipulize kitu hapo, wataziba njia hiyo wafungue nyingine huioni. Fungua ile fremu upande wa bawaba taratibu, piga picha nyuma yake na chini pale sakafu inapokutana na ukuta, nione wanatokea kwenye ufa au wanazunguka kutoka nje. Pima pia kuanzia hapo mpaka kisimani kama unacho.

mwenye_stoo

Kisima kipo, kwa macho kama hatua ishirini na tano. Kesho asubuhi nafungua fremu, naleta picha.